Nane Nane ya Kwanza Bila Hilda

Kumbukumbu ya mpendwa wetu Hilda Chedego wa Ihumwa, Dodoma

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotuaga, Hilda, na bado wapo watu wanaoingia uani kwetu wakapitiliza hadi mlangoni kwako kabla hawajakumbuka. Wakikumbuka wanarudi nyuma taratibu, wanamsalimia dada yako Ruthu, kisha wanaomba maji ya kunywa, kama vile kiu ndiyo iliyowaleta.

Ulituacha wiki ileile ya baada ya Nane Nane. Jumamosi ulipiga ngoma mpaka kanga ikalowa jasho. Jumatatu ukasema kifua kinabana. Wiki haijaisha tukawa tunapokea pole. Wageni wengine walikuwa hata hawajatua mizigo vizuri makwao, wakageuza njia, wakarudi na karanga zilezile ulizowafungia.

Pale hospitali ulimshika dada yako mkono ukamwomba jambo moja. Habari za mwanao hukusema, maana Violeth ni mtu mzima na ana mume. Habari za shamba hukusema. Ulisema, "Dada, Nane Nane watu wakija, wale."

Akakujibu, "Watakula."

Hayo ndiyo yaliyokaa katika nyumba hii mwaka mzima, na ndiyo tunayotaka kukuelezea leo, ili usije ukasikia kwa watu.

Kwa wasiokufahamu, tuseme kidogo. Ulikuwa mama wa Violeth, bibi wa wajukuu watatu, na kiongozi wa wanawake wa muheme hapa Ihumwa, zile ngoma zetu za Kigogo mwanamke anazozibana mapajani akazipiga amesimama. Ulikuwa unauza mlenda mkavu sokoni, ile mboga yetu inayoteleza na kuvutika, na aliyekosa hela ulimpimia akaenda. Mavuno yakishaingia ndani, baridi ya asubuhi ikianza kuuma na upepo ukibeba vumbi, ulikuwa unatuma salamu kila upande: njooni Nane Nane, tule, tucheze.

Na watu walikuja. Mdogo wako Abeli alishuka kutoka Kibakwe na maharage na miwa. Violeth alitoka Makole, mjini, na wenzake wa ofisini, watu wa mikoa mingine, wengine hawajawahi kuona mlenda. Walikuwa wanauvuta juu kama fundi anayepima kitambaa, na wewe unawacheka. "Kata na tonge, mwanangu! Ukiusubiri ukatike wenyewe utalala hapa." Mbuzi alichinjwa na Nurdini, mume wa rafiki yako Swaumu, ili Mkristo ale na Mwislamu ale, asiwepo wa kuuliza. Ulikuwa unawapokea watu njiani kabisa, "Mbukwenyi! Mbukwenyi!" na mgeni hakupata nafasi ya kujisikia mgeni.

Dada yako alikuwa jikoni. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Wewe mbele na ngoma, yeye nyuma na sufuria. Ulikuwa unawaambia watu, "Dada yangu ndiye injini. Mimi honi tu." Watu wanacheka, yeye anacheka, anarudi kuchochea kuni. Hakuwahi kukuonea wivu kwa hilo. Alipenda kukusikia ukipiga huku yeye anasonga ugali, maana mkono wake ulikuwa unafuata ngoma yako, na ugali wa uwele ukisongwa hivyo haumchoshi mtu.

Mwaka huu ulimchosha, Hilda.

Tangu tulipokuzika, kila kilichokuwa chako kilikwenda kwake, na hakuna aliyekaa chini kupanga hivyo. Kikundi kikigombana wanamletea yeye. Mgonjwa akiwepo mtaani wanamwita yeye. Mlenda wako wateja walikuja kuuulizia kwake, naye akaanika, akatwanga, akapima. Magoti yake unayajua. Kuna siku alikaa kwenye kigoda akashindwa kuinuka, akabaki palepale anachambua choroko ambazo zilishachambuliwa, ili watu wasijue.

Mwezi wa sita alikuja kaburini kwako kung'oa majani. Akakwambia amefikiri sana, ameona hii itakuwa Nane Nane ya mwisho. Ahadi ataitimiza mara moja, kisha basi. Watu wakishakula Jumamosi, atafunga kanga safi, atasimama, atasema kwa utaratibu. Aliomba ruhusa yako. Wewe ulinyamaza, kama wafanyavyo walio huko, naye akaenda nyumbani na mzigo wake.

Nane Nane ikafika. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, wengine kwa ajili ya kula, wengi kwa ajili yako. Abeli na maharage yake. Swaumu na sufuria yake ya pilau. Nurdini na kisu. Violeth na mume wake Stanley walikuwa wamefika tangu Ijumaa.

Sasa huyu mkwe wako, Hilda. Unajua alivyo, kijana wa Bukoba, mpole, anayependa kusaidia hata pasipoombwa msaada. Ngoma zako nne zilikuwa zimening'inia jikoni mwaka mzima, hakuna aliyepata moyo wa kuzigusa. Zilikuwa nyeusi kwa moshi. Yeye akaona ni uchafu. Ijumaa wenzake walipokwenda kuteka maji, akazishusha, akazisugua kwa brashi na sabuni, kisha akazipaka vanishi, mti na ngozi pamoja. Jumamosi asubuhi akazipanga uani, zinang'aa kama meza ya wageni.

"Mama, nimeziboresha," alimwambia dada yako. "Nilitaka mama Hilda apate heshima yake."

Dada yako akasema, "Asante, baba." Angesema nini?

Swaumu ndiye aliyeibana moja akaipiga. Ikatoa sauti ya mtu aliyekanyaga pumba. Akaipiga tena. Akaigeuza, akainusa.

"Mkwe, umeipaka nini ngoma hii?"

"Vanishi, mama. Nimepiga koti mbili."

"Koti mbili! Ilikuambia inasikia baridi?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Stanley naye akacheka, lakini kwa nje tu. Wakaziweka karibu na moto zikaze, kama ulivyokuwa unafanya wewe, vanishi ikaanza kutoa mapovu na moshi unaochoma macho. "Toa! Toa!" Swaumu alipiga kelele. "Tutaunguza urithi!" Wakazitoa. Abeli akamwambia Stanley asijali, ngozi ni ngozi tu, mnadani zipo, zitawambwa nyingine. Stanley akasema, "Ndiyo, mjomba," kisha akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake. Violeth akamfuata. Hatujui waliongea nini, ila walirudi wameshikana mikono, na macho ya mumewe yalikuwa mekundu.

Basi hatukuwa na ngoma. Vijana wakasema walete spika. Swaumu akasema spika zipo kila siku, leo ni siku ya Hilda, tutaimba na makofi. Wanawake wa kikundi wakajipanga mstari wao wa siku zote, wakaacha nafasi yako katikati. Wakapiga makofi. Wakangoja.

Hakuna aliyeanzisha. Muheme, unajua, mmoja anatupa na wengine wanadaka, na wa kutupa ulikuwa wewe. Makofi yakaendelea hivyo, yanazunguka bila wimbo, mpaka ikawa aibu. Swaumu akajaribu, akafika kwenye jina lako, sauti ikamkatikia.

Ndipo Violeth akageukia jikoni. "Mama mkubwa, anzisha wewe. Wewe unazijua zote."

Wote wakageuka. Dada yako alikuwa ameinamia sufuria kubwa na mwiko mkononi, ugali umefika pale unapoanza kuwa mzito, pale ambapo mtu haachi mkono. Moshi usoni, jasho mgongoni. Ilikuwa kabla ya kula, bado hajafunga ile kanga safi. Akawatazama, mstari mzima wa watu wanaomsubiri, na maneno yakatoka yenyewe.

"Mimi nimechoka," alisema.

Hilda, wanawake wako wakadaka! "Nimechoka, iye, nimechoka," kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, na makofi yakakaa sawa mara moja.

"Jamani, nimechoka," dada yako akasema.

"Jamani, iye, nimechoka!" Wengine wakaanza kutikisa mabega. Nurdini kule kwenye nyama akapiga mluzi.

"Siimbi!" dada yako akasema kwa nguvu. Walikuwa wameshaanza kulidaka na hilo, Swaumu akamwona uso, akawanyamazisha kwa mkono. "Acheni. Acheni, huyu haimbi."

Wanawake wakashusha mikono.

Dada yako akasema yote, amesimama palepale, mwiko mkononi. Kwamba magoti yamekwisha. Kwamba mwaka huu umekuwa mrefu. Kwamba alikuahidi watu watakula, na leo watakula, lakini mwakani asitegemewe, hana nguvu za watu wawili na sasa hana hata za mtu mmoja. Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja bei.

Abeli ndiye aliyejibu. "Dada, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri mniulize."

Abeli akatazama chini. Harufu ya kuungua ikaanza kutoka kwenye sufuria, Violeth akatoka mbio kwenye mstari, na viatu vyake vya mjini, akaja akaushika mwiko.

"Nipe, mama mkubwa."

"Uwele huujui wewe."

"Nitaujua leo."

"Utaleta madonge."

"Tutakula madonge. Kaa."

Swaumu akaleta kiti, kile cha plastiki tunachowapa wageni wa heshima, akamshika dada yako mabega akamkalisha. Akakaa. Hakujua mikono aiweke wapi. Mara aiweke mapajani, mara aikunje. Mtoto wako alikuwa anasonga kama anayepigana na mtu, na Stanley ameshikilia sufuria isiyumbe, na watu wa Makole wanatoa ushauri wa kazi wasiyoijua.

Kisha Abeli akasema mwakani Nane Nane itakuwa kwake, Kibakwe. Nyumba ipo, maharage yapo, mkewe na binti zake wapo.

Swaumu hakupenda. "Nane Nane ni Ihumwa," alisema. "Hilda yuko Ihumwa. Mtamwachaje peke yake?"

Wengi waliitikia hilo kwa vichwa. Hata Violeth aliacha kusonga. Wakamtazama dada yako tena, na safari hii aliwajibu akiwa ameketi.

"Hilda alisema watu wale," alisema. "Hakusema wapi."

Swaumu akafunika uso na mtandio wake. Baadaye akasema, "Haya. Kibakwe kuna baridi, mtatuazima mablanketi," na hiyo ndiyo ikawa ruhusa.

Tulikula, Hilda. Watu walikula. Madonge yalikuwepo, makubwa kama mayai ya kanga, na upande mmoja umeungua. Mlenda ulichemka ukamwagika kidogo kwa sababu mtu aliufunika, kitu ambacho ulikuwa unakikataza kila mwaka. Nyama ilikuwa nzuri. Jioni waliimba bila ngoma, nyimbo tatu nne, na ile ya "nimechoka" wakaiomba tena, safari hii kwa kucheka, na dada yako akaianzisha mwenyewe kutoka kwenye kiti chake. Sauti yake si kama yako. Imepasuka. Lakini walidaka.

Jumapili alichelewa kuamka. Haijawahi kutokea tangu aolewe. Jua lilikuwa limeshapanda, akasikia vyombo vinaoshwa nje na watu wengine, na ufagio unapita uani, tena unapita vibaya, unarusha vumbi kwenye vyombo hivyohivyo. Alitaka kutoka akawafundishe. Akabaki kitandani. Alilala pale akisikiliza nyumba yake ikienda bila yeye, asijue afurahi au alie, na katikati ya kuwaza hivyo usingizi ukamchukua tena. Wageni wa Kibakwe waliondoka bila kumwamsha.

Haya ndiyo tuliyotaka uyasikie kutoka kwetu. Anaomba usimhesabie kuwa amekuangusha. Sisi tunajua hajakuangusha. Sisi ndio tuliochelewa kumwona, kwa sababu wewe ulikuwa unapendeza kutazamwa, na yeye alikuwa nyuma ya moshi.

Unakumbukwa na dada yako Ruthu; mdogo wako Abeli, mkewe na wanawe wa Kibakwe; binti yako Violeth na mumewe Stanley wa Makole; wajukuu zako wote; rafiki yako Swaumu na mumewe Nurdini; wanawake wa muheme, na majirani wote wa Ihumwa. Ibada ya kukuombea itafanyika nyumbani Jumapili hii baada ya kanisa. Watakaokuja wasilete chochote, na wasimtafute Ruthu jikoni. Atakuwa amekaa mbele, pamoja na wengine.

Pumzika, Hilda. Tutakukumbuka daima, hata siku tutakazokuwa tumechoka.