Wimbo Wenye Nafasi ya Jina

Lipangalala,
Ifakara.
14 Mei 2024

Mpendwa Kaka Beatus,

Shikamoo. Habari za Kigoma na kazi ya mitumbwi? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimepona? Huku hatujambo. Mpunga unavunwa, na Mama miguu inamsumbua ila sala za jumuiya hakosi.

Nimerudi nyumbani kwa ajili ya masomo. Ile shahada ya uzamili ya usimamizi wa sanaa na utamaduni imefika kwenye vitendo: kila mwanafunzi aandae onyesho la sanaa za kwao, kuanzia kutafuta wasanii na kupata idhini yao mpaka kupanga jukwaa. Nikachagua nyimbo za wanawake wa bondeni, ndiyo maana nashinda Namawala kwa shangazi Angelina.

Shangazi alinirekodia nyimbo za kupanda, za kutwanga, za kubembeleza watoto. Kisha akanitajia ule unaoimbwa mtu akizama na mwili usionekane. Nilipomwomba auimbe alisita, akasema una nafasi ya jina, na bila jina haukamiliki. Mwishowe tulikwenda mtoni asubuhi. Akaimba huku ameyakazia macho maji, na mahali pa jina akatamka Dionisi. Nikamuuliza ni nani. Akasema hamjui, jina limemjia tu mdomoni.

Kesho yake wavuvi walikuta maiti ya mwanamume kwenye matete, palepale tuliposimama. Namawala hakukuwa na aliyepotea. Polisi walikuja, habari zikasambaa, na kutoka Kisawasawa akafika mama mmoja aitwaye Digna. Alimtambua mumewe, Dionisi, kwa kovu la shavuni. Alisema mumewe alikwenda kuvua masika ya mwaka jana na hakurudi. Lakini, Kaka, mwili ule ulikuwa kama wa mtu aliyezama jana. Hata ndevu zilikuwa zimenyolewa vizuri.

Digna alikuwa amesikia habari za wimbo. "Nani aliwaambia jina lake?" alituuliza.

Kisha akapiga magoti akamshukuru shangazi, na hapo ndipo niliposhikwa na woga hasa.

Tangu mazishi shangazi haimbi, hata kanisani anafumba mdomo. Niliposikiliza tena rekodi, baada ya lile jina kuna mtu anaitika kwa mbali. Mimi siku ile sikusikia kitu. Shangazi anasema yeye alisikia.

Msimamizi wangu chuoni alitaka wimbo huo ndio ufungue onyesho. Nimekataa. Nimemwandikia kwamba shangazi ametoa idhini ya nyimbo zote isipokuwa huo, na chuo chenyewe ndicho kilichonifundisha kuheshimu idhini. Amenionya kwamba alama zitashuka. Basi zishuke, rekodi nimeshaifuta.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Watu wameanza kwenda kwa shangazi na majina ya ndugu zao waliopotea majini. Juzi nilipofika, kati yao alikuwepo Mama. Hakuniaga alipotoka nyumbani. Alikuja kuomba liimbwe jina lako.

Simu yako haipatikani tangu Krismasi, nawe unajua Mama alivyo. Nilimwambia wewe u hai, una kazi nyingi tu. Akanijibu taratibu, "Kama yu hai, hatasikia. Kama amezama, atakuja."

Shangazi alimkatalia. Lakini Mama ana sikio jepesi, na wimbo ameshaushika. Tangu jana anapepeta mchele akiuimba kwa sauti ya chini. Akifika mahali pa jina ananyamaza, anautazama mlango, kisha anaanza upya. Sijui atanyamaza hapo mpaka lini.

Barua hii anakuletea Steven, mtoto wa mama mdogo Paulina, anayekuja huko kikazi. Nimemwagiza asirudi bila kukuona kwa macho. Piga simu, Kaka. Usiongee na mimi, ongea na Mama.

Shangazi Angelina, dada Rosemery na watoto wake wanakusalimu sana. Mungu akulinde, na akuweke nchi kavu.

Mdogo wako akupendaye,
Levina