Nyota Nne kwa Mchezo Wako wa Viumbe wa Angani

Kaka Muta,

Huku Buganguzi tuko wazima. Mwanangu Koku ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata waya wa kompyuta yako. Ndiyo, ninayo mimi. Baada ya msiba wako ilikaa sebuleni imefunikwa kanga, kama nayo imefiwa, mpaka siku moja nikasema hapana, ngoja niiwashe. Mchezo wako ukafunguka palepale ulipouachia. Nililia kidogo. Kisha nikacheka, maana wale viumbe wana sura kama viazi vilivyochipua.

Daftari lako nalo nililiona. Kurasa nne za maoni ya watu, umeyatoa mtandaoni na kuyatafsiri kwa penseli. Waandishi wa magazeti ya michezo ya kompyuta wanasema mchezo una akili ila picha zimechakaa. Wachezaji wanasema mpaka leo hakuna uliouzidi. Mmoja anasema aliachwa na mchumba kwa ajili yake! Na ukurasa wa mwisho, kwa herufi kubwa: MAONI YA MUTA. Halafu hakuna kitu.

Kaka, ule weupe ulininyima raha. Ulisema, "Nitaandika nikishaumaliza. Mchuzi hauhukumiwi kwa harufu." Ukaugua kabla. Nikasema basi nitakuandikia mimi, mtu wa darasa la saba. Lakini ningeandika nini? Siku zote wewe ulicheza, mimi nikimenya ndizi, tukibishana.

Nikaanza kuucheza, Koku mgongoni. Deo, yule rafiki yako fundi baiskeli, akaja kunifundisha, yaani kunicheka. Bado ana msimamo wake: "Mchezo wa kungoja zamu kama foleni ya zahanati!"

Wakaja wale viumbe wa kijani mpakani kwangu. Sasa mimi ninavyojua, mgeni hahojiwi mlangoni. Anakaa, anapewa kahawa ya kutafuna, shida yake ataisema mwenyewe. Nikawatoa askari njiani, nikawapeleka wakalime. Waitu, jamani, wakachoma miji yangu mitatu! Deo alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Koku! Umewakaribisha mpaka chumbani!"

Kesho yake wakaja wale warefu wenye macho mengi, ambao wewe, Deo na magazeti yote mnasema hawana maana, ni wa kupiga tu. Nikarudia kosa lilelile. Nifanyeje, ndivyo nilivyolelewa. Wakasimama. Zamu moja, zamu mbili. Kisha wakanipa dawa ya askari na ramani ya nyota zote.

Deo akainama kuitazama ile ramani. Halafu polepole: "Miaka yote hii tumekuwa tukiwapiga."

Hata wewe hukujua, kaka! Niliinuka kabisa nije kukutambia. Nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka.

Mchezo nimeumaliza. Kuandika ndiko kulikonitoa jasho. Unajua Deo alitaka nini? Deo huyohuyo wa foleni! Eti tuseme ndio mchezo bora duniani, tutoe nyota tano, kwa sababu marehemu hasemwi vibaya. Nikamwambia marehemu ni kaka yangu, siyo mchezo. Nikaandika kwamba wale warefu ni watu wema, wakaribisheni. Kwamba zamu ni ndefu, mtoto analala na kuamka hujafika popote. Kwamba picha ni mbaya, lakini ukishazoea unawapenda. Nyota nne. Nikaweka jina lako, na langu pembeni, Deo akatuma mtandaoni kwa simu yake, kwa adabu kama anatuma posa.

Najua wewe ungetoa tano. Mengine nimeshayazoea, kaka. Kukosa mtu wa kunibishia ndiko bado. Kwa hiyo nakuahidi: sitakusifia uongo kwa sababu umelala. Koku akiuliza, nitamwambia mjomba wake alikuwa na moyo mkubwa, alipika vibaya, na kuhusu wale warefu alikosea.

Pumzika, Muta wangu. Kama hukubali, niotee unibishie.

Dada yako,
Mama Koku