Kikombe cha Washenga Getini

Jumapili, 2 Novemba 2025

Washenga wa Bahjat hawakufika kuniposa! Tangu juzi Ijumaa nimenuna hata kuandika sikutaka. Kijiji chao kile pale, kutoka darini kwetu naliona tangi lao la maji. Kilomita mbili. Katikati kuna geti la njano. Jeshi lililifunga mwaka jana likaondoka na ufunguo. Basi wazee kumi na sita wakazunguka kilomita hamsini na tatu, wakakwama kwenye kizuizi kingine saa tano nzima, njaa ikawashika, wakaila kunafa, ile halua ya jibini waliyokuwa wanatuletea. Wakageuza. Bahjat anasema ilikuwa tamu. Mshenzi yule.

Mama kafunika viti vya wageni kwa mashuka tena. Anayatandika kama anafunika maiti. “Thelathini na minane,” anasema. Hasemi thelathini na minane nini. Sote tunaujua umri wangu.

Jumatatu, 3 Novemba

Ofisini, kwenye shirika letu la haki. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiandika maelezo ya watu waliozuiwa njiani — mjamzito, mwanafunzi, mwenye ng’ombe. Leo nimejaza fomu yangu mwenyewe. “Shughuli iliyokwamishwa: kazi, shule, hospitali, ibada, nyingine.” Nimeweka alama kwenye nyingine. Mimi ni nyingine.

Ustaz Shukri, bosi wetu, kaisoma akasimama kwa furaha. Kesi safi hii, Wijdan! Akauliza kama washenga wanaweza kuzuiwa tena Jumanne ijayo, maana ndiyo siku mabalozi wanakuja kutazama. Nikamwambia nitawauliza wanajeshi kama wana nafasi. Akaandika kwenye kalenda! Kweli tena, akaandika.

Mabalozi mwaka jana waliguswa sana. Mwaka juzi pia waliguswa sana. Hakuna watu wanaoguswa kama wale.

Jumanne, 4 Novemba

Bahjat kapiga simu. Anashauri posa ifanyike kwa video, wazee wakae kwao, Baba akae kwetu. Nikampa Baba simu.

“Mwanangu, wewe ni fundi bomba,” Baba akamwambia. “Unaweza kuziba bomba kwa simu?”

“Hapana, ami.”

“Basi na kahawa hainyweki kwa simu.”

Baba amekata simu. Ana haki yake. Mshenga mkuu akiwekewa kikombe hakigusi mpaka aseme haja yake, na Baba aseme, kunywa, mmepata. Akishakunywa ndiyo imekwisha, mimi ni wa watu. Asipokunywa, basi alikuja kusalimia tu. Nimeyaona haya kwa dada zangu wote wanne. Mimi huwa ndiye ninayechemsha.

Jumatano, 5 Novemba

Geti litafunguliwa Ijumaa! Saa nane hadi saa tisa mchana — kwa wavuna zeituni tu. Tangazo linasema “tu” mara mbili.

Nimempigia Bahjat. Naye kamwambia mjomba wake, Abu Dhafer, ndiye mshenga mkuu, ana miaka themanini na moja na ulimi wa ishirini. Jibu likarudi: Nani kasema sisi si wavuna zeituni?

Penye nia pana njia. Na penye njia pana geti.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika hapa hapa getini, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, Baba na Mama wamesimama kando yangu. Nisipoandika sasa nitasahau nusu.

Saa nane. Wamefika upande wao. Yarabi! Suti nyeusi, vilemba vyeupe vilivyopigwa pasi, na begani ngazi. Wazee kumi na sita na turubai na fimbo za kupigia matawi. Bahjat mwisho kabisa, kanyoa mpaka kajikata kidevu, kabeba ndoo mbili. Hanitazami. Anaogopa tutacheka.

Saa nane na dakika thelathini na tano ndipo askari kaja na gari lake, kasimama upande wetu wa geti. Mmoja, kijana, Kiarabu chake cha kuokoteza. Kawatazama viatu. Vimeng’arishwa.

“Mzeituni wenu wapi?”

Abu Dhafer akanyoosha kidole kwetu. “Nyumba ile. Mmoja tu. Umechelewa kuvunwa, lakini mafuta unayo.”

Mzee huyu! Nilitaka ardhi inimeze. Mama alicheka mpaka akashika geti.

Askari hakucheka. Hakuna kupita, suti si za kuvunia. Warudi.

Hawakurudi. Baba akasema wageni hawawezi kusimama mlangoni kwake wakakosa kahawa, akaenda nyumbani, akarudi na dele na vikombe. Akamimina. Akanyoosha mkono juu ya chuma. Askari akakidaka kikombe — hakipiti kitu bila kukaguliwa. Kakichungulia. Kakinusa. Kakiweka juu ya bonge la zege, pembeni yake.

Abu Dhafer akaweka ngazi chini, akakohoa. “Tumekuja na haja. Hatunywi mpaka tupewe.”

“Haja gani?” akauliza askari.

Abu Dhafer alimtazama kama mtu anayetazama mlango. “Sijaja kwako. Mwenye nyumba yuko nyuma yako.” Kisha kwa sauti, juu ya kofia ya chuma: “Tunamwomba binti yenu Wijdan kwa mwana wetu Bahjat!”

Baba akainua dele juu. Akajibu kwa nguvu. “Mmempata! Kunywa, Abu Dhafer!”

Mama akapiga kigelegele — kikakatika katikati. Kikombe kiko kwa askari.

“Niombe mimi,” askari akasema. “Sema tafadhali. Nakupa.”

Abu Dhafer kakunja mikono. Akimwomba, basi huyu ndiye mwenyeji wetu, mbele ya wazee kumi na sita na baba yangu, na barabara ni nyumba yake. Asipomwomba, hakunywa. Alikuja kusalimia.

Bahjat kasogea hatua moja, mdomo wazi. Mjomba wake kamshika mkono. Sasa ananitazama mimi.

Mungu nisamehe, nataka aombe. Neno moja tu, tafadhali, nani atakufa? Nataka sana. Na akiomba sijui nitamtazamaje Baba kesho.

Simu inalia, Ustaz Shukri. Siipokei.

Saa tisa kasoro dakika nne. Askari anatazama saa yake. Kikombe hakitoi mvuke tena, kimepoa, na kahawa baridi hapewi mgeni.

Baba anamimina cha pili, bila kumtazama askari.