Hogo la Hyasinta Lisiguswe

S.L.P. 41,
Karatu.
23 Agosti 1998

Mpendwa mdogo wangu Leonce,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mtwara, wewe na mkeo. Sisi tu wazima, ukiondoa mkono wa mwanao na subira yangu.

Mapema mwezi huu Hyasinta alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Hospitali walimpiga eksirei, wakamchoma ganzi, daktari akauvuta mfupa mpaka ukarudi mahali pake, akamfunga hogo la plasta. Hakupasuliwa. Tuliambiwa mfupa wa mtoto huunga upesi, ila hogo lisiguswe wiki sita.

Nikaenda Mbulumbulu kuvuna ngano. Siku tisa tu, Leonce! Nilirudi Jumapili, misa ya Kipaimara imekwisha. Hogo nililikuta kwenye beseni, limeloa kama kiporo. Dada yetu Brigita alikuwa amelikata kwa mkasi wa kunyolea kondoo, kwa sababu mkono wa gauni ulilotuma haukupita.

"Kaka, askofu haji kila mwezi," akanijibu. "Mfupa si uko palepale?"

Palepale wapi! Na Roho Mtakatifu tangu lini akapima mikono ya magauni?

Nawe usijifiche. Ni wewe uliyeandika kwamba unataka picha mtoto akiwa amependeza. Hiyo hapo ndani ya bahasha. Utazame mkono.

Jumatatu nilimrudisha. Daktari akanigombeza mimi, foleni nzima ikisikia, nami nikapokea kwa niaba yenu. Mfupa umevutwa upya. Safari hii mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Hogo jipya, wiki sita tena. Mfupa ukihama mara nyingine, watampasua.

Sasa sikia: Brigita anamshonea Hyasinta gauni jingine la mikono ya kubana, la kuvaa kwenye harusi ya binamu yetu Sylvesta, wiki tatu zijazo. Mimi nikisema, anacheka. Wewe unayemletea vitenge atakusikia. Mwandikie leo, tena kwa ukali. Mkasi nimeuficha, lakini kijiji hiki kina kondoo wengi.

Shemeji yako Anneth anakusalimu, na Mama pia. Mungu awalinde, akuongezee na aibu kidogo.

Jana Hyasinta aliniuliza, "Baba mkubwa, siku ya harusi watanikata tena?" Nimemwambia hilo atalijibu baba yake.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata leo,
Patrisi