Kichwa cha Treni Ulichokipaka Rangi ya Geti

Mdogo wangu Luhende,

Kazi yako nimeiona. Ni mbaya. Ulikipaka kichwa cha treni ya kuchezea ya baba rangi ya geti, tena bila kupiga msasa kwanza, ukaifuta ile namba ya ubavuni ambayo fundi fulani Ulaya aliiandika kwa brashi nyembamba kama unywele. Ufa wa paa uliuziba kwa gundi ya viatu. Skrubu mbili zilipokosekana, ulichomeka njiti za kiberiti. Nimefanya kazi karakana ya reli hapa Tabora mpaka nikastaafu, nimewaona walevi wakifunga breki, lakini sikuwahi kumwona mtu aliyefunga treni kwa kiberiti.

Binti yako Kabula ndiye aliyeniletea, mwezi mmoja baada ya kukuzika. Alikuja kutoka Bariadi kwa basi, siku ya mapumziko ya shule anakofundisha, amekibeba mapajani, kimefungwa kwenye khanga kama mtoto mgonjwa.

"Mwadila, baba mkubwa," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Hii rangi ni ya nini?"

"Baba aliipaka mwenyewe. Alisema inapendeza."

"Inapendeza kama jeneza."

Hakucheka. Aliniambia ukoo utakutana kijijini kwetu Ngulyati kumaliza msiba, naye angependa kichwa kile kitembee mbele ya watu siku hiyo. Kisha akaniuliza jambo lililomtoa kwao: "Baba mkubwa, ni kweli baba yangu ndiye aliyekiharibu? Mpaka kwenye mazishi kuna mzee alimtania hivyo, watu wakacheka."

Nikamjibu, "Ndiyo." Sikufikiri hata kidogo. Nilijibu kama mtu anayetajiwa jina lake.

Unaikumbuka siku yenyewe. Padri aliyekuwa akipikiwa na baba alirudi kwao, akamwachia baba kichwa kile, mabehewa mawili na reli zilizojaa sanduku. Kilikuwa kirefu kuliko kiganja cha mtu mzima, kina ngazi za dereva na taa isiyozidi punje ya mtama. Kila Jumapili baada ya misa baba aliazima betri ya trekta, na nusu ya Ngulyati ikaja uani kwetu. Wewe ulipanga reli. Mimi nilifuta na kutia mafuta, kwa kuwa baba alisema mikono yangu ni mitulivu. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Halafu Jumapili moja kikasimama kwenye kona, kikaunguruma, kikanyamaza. Nilikinusa, nikasikia joto. "Mota imeungua," nikasema. Nani angenibishia? Baba akauliza nani amekichezea. Mimi nilikutazama wewe. Sikusema neno, nilikutazama tu, na ua mzima ukafuata macho yangu. Wewe ulisimama na kipande cha reli mkononi. Baba akasema, "Mikono hii ni ya fimbo ya ng'ombe."

Mwaka uliofuata alikuwa na uwezo wa kupeleka mtoto mmoja chuo cha ufundi. Hatukuhitaji kuuliza yupi. Wewe ulibaki na ng'ombe na pamba, na jina ulilopachikwa: Vunja-treni. Nami kila nilipokuja likizo nililitumia, mbele ya mkeo, mbele ya watoto wako. Nilikudharau kwa raha, Luhende. Dharau ilikuwa kama kiti changu pale nyumbani, nilifika, nikakikalia.

Na likizo ile uliponiita uani, ukatandika reli kwa haraka, ukaniambia, "Kaka, njoo uone, nimekifufua"? Kilitikisika hatua chache kama ng'ombe mwenye homa ya kupe, kikaanguka ubavu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilisema kwa Kisukuma, wazee wote wakiwa pale, kwamba hata ndama angetengeneza vizuri zaidi. Wewe nawe ukacheka, ukakifunika kwa kitambaa. Sikukiona tena mpaka Kabula alipokileta.

Basi nilikifungua kwa hamu ya kukutukana. Nilikuta mota ya mdoli wa Kichina umeifunga kwa uzi wa kushonea magunia. Gia zake hazikuoana na magurudumu, ndiyo maana kilitikisika. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Fimbo ndogo inayounganisha magurudumu ya kushoto ilikuwa imepotea, nawe ulichonga nyingine kwa spoku ya baiskeli. Nilileta kioo cha kukuzia. Nilitafuta kosa kwenye fimbo ile asubuhi nzima, nikalikosa. Tundu zote mbili zilikuwa mahali pake, kingo zimelainishwa. Kuna vijana wangu wa karakana wasingeiweza. Nilikasirika zaidi.

Kwenye khanga ileile Kabula alileta kopo la mafuta ya kupaka, na ndani yake mota ya zamani pamoja na ekseli yake, kile chuma cha magurudumu, kipande kizima kama ulivyokitoa. Hukuwahi kufungua kifuniko cha gia. Ungefungua kwa nini? Fundi wa ukoo alikuwa amekwisha kusema imeungua.

Nilikifungua mimi. Mota haikuwa imeungua. Ekseli ilikuwa imezungukwa na nyuzi za pamba, zimekaza kama kamba ya mtego, nyeusi kwa mafuta, zimeingia hadi kwenye meno ya gia.

Baba alitaka kifutwe kwa kitambaa cha shuka kilichofuliwa. Kitambaa kilikuwa ndani kwenye sanduku, gunia la pamba lilikuwa mlangoni. Nilikuwa nachomoa pamba kiganja kizima na kufutia, Jumapili baada ya Jumapili, kwa uvivu wa hatua kumi. Wewe hukuwahi kushika pamba ile. Ni mimi, Luhende. Na miaka yote karakanani niliwafokea vijana, "Usifute ekseli kwa pamba mbichi, inajisokota!" bila kujiuliza nilijulia wapi ubaya wake.

Nilikata nyuzi kwa wembe, moja moja. Vipande viwili vya kaboni ndani ya mota vilikuwa vimesagika, nikampigia muuza vipuri mmoja wa Dar. "Ipo, mzee, orijino kabisa." Akaniletea kaboni za mashine ya kusagia juisi, nene kuliko mota yenyewe. Nilipolalamika akasema, "Kaboni ni kaboni, mzee wangu."

"Kwa hiyo na mke ni mke? Kalale kwa jirani."

Akakata simu. Watu wa namna hii ndio wanaojiita mafundi siku hizi. Nilivunja betri kubwa ya redio, nikatoa kile kijiti cheusi cha katikati, ambacho nacho ni kaboni, nikakichonga kwa msasa siku tatu hadi vipande vikaingia. Mota ilizunguka. Ukitoa kaboni zile, ilikuwa nzima siku zote, kwenye kopo lako.

Rangi nimeiacha. Ni mbaya sana, nayo ni yako. Fimbo ya spoku nimeiacha pia, na hiyo sina la kuikosoa. Njiti za kiberiti nimezitoa. Kufa hakumpi mtu haki ya kufunga treni kwa kiberiti.

Kabula aliporudi nilimkalisha, nikamwambia yote: pamba, jicho nililokutupia, chuo. Nilitegemea alie. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyechelewa.

"Mimi sikuwa na shaka na baba," akasema. "Nilitaka kujua kama wewe una shaka. Sasa unaniambia mimi ili iweje? Kawaambie waliocheka."

Ndiyo sababu nakuandikia barua isiyofungwa, asome yeyote. Sikukudharau kwa siri, siwezi kukiri kwa siri. Ijumaa napanda basi na binti yako. Wazee watatu kati ya waliokuwepo uani bado wako hai. Nitawaomba wakae, nitasimama, na kabla ya kuunganisha betri nitawaambia nani alikiharibu. Nitasema kwa Kisukuma, kama nilivyokutukana, ili asiwepo wa kusema hakunielewa.

Pumzika, Luhende. Safari hii, jina lile watanipachika mimi.

Kaka yako