Nilitia Sahihi Kwamba Zinachapa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Jumatano.

Mimi ni karani katika ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, nina miezi minne kazini, na mwezi uliopita fundi wetu wa kompyuta, ambaye sote tunamwita Mjomba, alinipa kompyuta mpakato moja yenye prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya aina mpya niijaribu kabla ofisi haijaagiza nyingine kumi na mbili, akanipa na fomu ya majaribio, nami nikafungua programu yetu ya vyeti, ikafunguka, nikaandika jina, likaandikika, ila printa ilikuwa chumba cha pili na foleni ilikuwa imefika mlangoni, basi kwenye mstari wa "kuchapa" nikaweka tiki na sahihi bila kuchapa hata karatasi moja. Sasa mashine zimekuja, na ile programu ndogo inayoendesha printa iliundwa kwa prosesa za zamani, kwenye hizi haikubali kabisa, na zile kompyuta kuukuu zimeshafungiwa stoo. Juzi mkuu wetu alisema mbele ya watu, "Mjomba, umetuletea mapambo ya mezani!" wakacheka, naye akajibu tu, "Niliamini majaribio, bosi," bila kunitaja, ilhali fomu anayo. Jumatano anaitwa kwenye kamati na inasemekana mkataba wake hautaongezwa. Nikisema, nitafukuzwa, maana bado niko kwenye kipindi cha matazamio, sijathibitishwa kazini; nikinyamaza, ataondoka yeye. Nifanyeje?

Karani mwenye hofu

Marahaba, mwanangu.

Prosesa haijakukosea. Programu kufunguka ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine, na msomi kama wewe ulilijua hilo. Foleni ile ingemchanganya yeyote, nakuhurumia. Lakini juzi, watu walipokuwa wanacheka, hukuwa na foleni. Ulikuwa na mdomo, ukaufunga.

Mjomba anaijua sahihi yako. Anakungoja useme mwenyewe.

Nenda kwake leo. Mwambie, "Mjomba, sikuchapa," na usianze na habari za foleni. Kisha mwende pamoja kwa mkuu na maelezo yako ya maandishi, mistari mitano inatosha. Ombeni kompyuta moja ya zamani itolewe stoo iwe ya kuchapia, kina mama wapate vyeti vyao, huku mkiwauliza waliounda printa kama wana programu ya prosesa mpya.

Huenda ukafukuzwa, siwezi kukudanganya. Utatafuta kazi nyingine, na utaitafuta kwa kosa lako mwenyewe. Mjomba asiitafute kwa kosa lako.

Ofisi hufungwa jioni. Muwahi kabla hajatoka.