Alama za Spana kwenye Mstari wa Mwisho

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini sijui kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Unakumbuka ghala la tumbaku kule Usoke, tulipobadilisha vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji pale moto unapozuka? Spana yako ilikuwa imelika meno. Kwa kila kichwa, cha kufungua au cha kukaza, iliteleza kwanza, ikatafuna kingo za shaba, ndipo ikashika.

"Baba, nunua nyingine," nilikuambia.

Ukacheka. "Hii tumezeeka pamoja."

Siku ya mwisho ulinituma Urambo kufuata tepu ya kuzibia. Mstari wa mwisho wa bomba ukaufunga vichwa peke yako.

Wiki mbili baadaye mstari huohuo ukavuja, marobota yakaloa. Msimamizi wa ghala akafunga koki ya mstari huo, akakataza mtu kuugusa, akadai umerudisha vichwa vya zamani ukaondoka na vipya. Uliapa kwamba ulifunga vipya vyote. Nami, binti uliyenifundisha kazi hii, nilikutilia shaka. Ulipofungua mfuko wa vifaa, nilichungulia. Ulipokwenda msikitini, nilipekua hadi uvunguni mwa kitanda chako. Sikuona kitu, na bado sikukuamini.

Mwezi uliopita, wewe ukiwa umeshazikwa, mwenye ghala aliniita nibadilishe vichwa vyote. Nikapanda ngazi. Mstari wa mwisho ulikuwa na vichwa vya zamani kweli, vimetafunwa na spana yako ulipovifungua. Lakini juu ya alama zako palikuwa na nyingine, nyembamba na kali, za spana yenye meno mazima. Wewe hukuwa nayo.

"Nani alipanda huku baada ya baba?" nilimuuliza msimamizi.

"Hakuna."

"Na alama hizi?"

"Shuka, unachelewesha kazi."

Sikushuka. Nilimpigia mwenye ghala nikiwa hukohuko juu. Alipobanwa, msimamizi akakiri: vipya alivitoa yeye, akaviuza, akarudisha vya zamani. Amefukuzwa, na jina lako limesafishwa mbele ya wapakizi wote.

Lakini baba, kuna jambo hakuna anayelijua. Msibani kwako mtu alinong'ona kwamba tumezika mwizi. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nilisikia, nikainamisha kichwa, kana kwamba anasema kweli.

Nisamehe. Mungu akulaze pema.

Bintiyo, fundi mwenzako